Sekunde 90 za Sauti Kabla ya Kuwasilisha Wazo la Podikasti

Mradi wa podikasti katika darasa la uandishi wa habari huanza kuharibika siku ya kwanza, kundi linapokaa mezani kutafuta jina. Jina linapatikana, nembo inachorwa, muziki wa kufungulia unachaguliwa, na wiki ya tatu inafika hakuna hata mtu mmoja aliyehojiwa. Siku ya kuwasilisha wazo kundi linasimama na slaidi nzuri, linaeleza kwamba kipindi "kitagusia changamoto mbalimbali za vijana", na swali la kwanza la mhariri linalimaliza: mmeshazungumza na nani?

Dawa ninayoiamini ni moja. Kundi lisiruhusiwe kuwasilisha wazo mpaka liwe na sekunde 90 za sauti ambazo limezirekodi lenyewe, nje ya darasa. Sauti ya mtangazaji akieleza kipindi kitahusu nini haihesabiki. Inatakiwa sauti ya mtu mwenye habari yake, au ya jambo linalotokea mbele ya kipaza sauti. Sekunde 90 ni chache, lakini kuzipata kunamlazimisha mwanafunzi apite hatua zote za kazi: kutafuta mtu, kuomba ridhaa, kurekodi, kusikiliza upya, kukata. Makosa makubwa yanajitokeza hapo, wakati bado kuna muda wa kuyarekebisha.

Mada bado si habari

"Ukosefu wa makazi kwa wanafunzi" ni mada. Inaweza kujaza kitabu, na inaweza pia kumchosha msikilizaji ndani ya dakika 2. Habari ina mtu, ina kitu anachokitaka, ina kinachomzuia, na ina swali ambalo msikilizaji hawezi kulijibu mpaka asikie mwisho. Chukulia mfano huu wa kubuni, nitautumia mpaka chini: mlinzi wa zamu ya usiku katika maktaba ya chuo anawafahamu kwa sura wanafunzi wasio na pa kulala. Kanuni inamtaka amtoe kila mtu saa 6 usiku na kufunga. Kuna usiku anafunga, na kuna usiku anajifanya hakuona. Mada ni ileile ya makazi, ila sasa yupo mtu wa kumfuata, zipo funguo, viti vinavyoburutwa na mlango wa chuma, na upo uamuzi unaofanywa upya kila usiku.

Kila kundi lijaze sentensi hii kwa maandishi: "Tunamfuata fulani, anayetaka jambo fulani, lakini anazuiwa na jambo fulani, kipindi kikiisha msikilizaji atakuwa amejua jambo fulani." Wengi hukwama kwenye kipande cha mwisho. Hiyo ni dalili kwamba taarifa bado hazitoshi, na dawa yake ni kurudi kuzungumza na watu. Kuongeza maneno kwenye slaidi hakutasaidia.

Halafu kuna swali la pili, gumu zaidi: kwa nini sauti? Kama makala ya maneno 800 ingesema kila kitu bila kupoteza chochote, andikeni makala. Takwimu nyingi, ramani, nyaraka za fedha, hivi vyote sikio halivishiki vizuri. Sauti hushinda pale ambapo namna mtu anavyolisema jambo ni sehemu ya habari, au pale mahali penyewe panaposikika.

Tahadhari moja kuhusu mazungumzo ya awali na mhojiwa. Mwanafunzi hupiga simu, mhojiwa anamwaga yote, anacheka, anatokwa na machozi, kisha siku ya kurekodi anasema, "Kama nilivyokuambia juzi…" Simulizi la mara ya pili huwa limepoa. Kwenye simu ya kwanza ulizeni majina, tarehe, mpangilio wa matukio, na nani mwingine anafahamu jambo hilo. Swali la moyo liacheni mpaka kinasa sauti kiwe kimewashwa.

Kurekodi: hapa ndipo kipindi kinapookolewa au kuuawa

Simu nzuri inatosha kwa mradi wa darasa. Chumba kibaya hakitoshi hata kwa kipaza sauti cha bei kubwa. Sauti hugonga ukuta mtupu, dirisha na sakafu ya vigae na kurudi ikiwa mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi ni vigumu mno kuutoa. Tafuteni chumba chenye mapazia, makochi, zulia au rafu za vitabu. Gari lililoegeshwa na kufungwa vioo ni studio nzuri kuliko ofisi nyingi. Msikae katikati kabisa ya chumba wala kumwelekeza mhojiwa kwenye pembe tupu. Zimeni feni na kiyoyozi. Jokofu nalo lizimwe, na aliyelizima aache funguo zake ndani yake ili asiondoke bila kuliwasha.

Kipaza sauti kikae sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, takriban upana wa kiganja kilichokunjuliwa, na kiwekwe pembeni kidogo badala ya mbele kabisa ya midomo. Herufi P na B husukuma upepo, na upepo huo ukikigonga kipaza sauti moja kwa moja unaacha mlio wa "bwu" ambao huharibu neno zima. Mtu akisogea kutoka sentimita 15 hadi 30, sauti yake inayofika moja kwa moja inapungua kwa kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) huku mwangwi wa chumba ukibaki palepale. Ndiyo maana anasikika kama yuko mbali hata mkimwongezea sauti kwenye kompyuta.

Kuhusu kiwango: kwenye mita ya kinasa sauti, 0 ni dari. Vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Sauti ya kidijitali ikigonga dari inapasuka, na kilichokatika hakirudi. Ikiwa chini kidogo inaweza kuinuliwa, kwa hiyo mkikosea, koseeni upande wa chini. Mwombeni mhojiwa aeleze alichokula asubuhi ili mpime, lakini kumbukeni watu huongeza sauti wanapopata moto, basi acheni nafasi.

Rekodini kwa WAV, aina ya faili lisilobana sauti, 48 kHz na biti 24. Faili la chaneli moja kwa viwango hivyo hula karibu MB 8.6 kwa dakika, yaani saa nzima inazidi MB 500, kwa hiyo angalieni nafasi iliyobaki kabla ya kutoka. Programu nyingi za kurekodi kwenye simu huja zikiwa zimewekwa kubana sauti. Ingieni kwenye mipangilio mbadilishe. Wekeni simu katika hali ya ndege, maana simu ikiita katikati ya mahojiano baadhi ya programu husimamisha rekodi kimyakimya. Na mkitumiana faili, litumeni kama faili kamili. Ujumbe wa sauti wa programu za kuchati umebanwa sana, na hakuna ufundi wa kuurudishia kilichotupwa.

Hedifoni zivaliwe muda wote wa mahojiano, hata kama mtu anaona haya. Sikio la kawaida lina tabia ya kusamehe kelele, hedifoni hazisamehi. Ndizo zitakazowaambia kwamba waya unasugua kifungo cha shati, kwamba hereni inagonga meza, kwamba betri ya kipaza sauti inakaribia kufa.

Mhojaji naye ajifunze kunyamaza. "Mhm", "sawa", "ehe" tunazoziachia kwa adabu humwangukia mhojiwa katikati ya neno, na hazikatiki bila kukata neno lenyewe. Itikieni kwa kichwa na macho. Jibu likiisha, hesabuni sekunde 3 kabla ya swali linalofuata. Kimya hicho kinawakera wanafunzi kuliko kitu kingine chochote, na mara nyingi sentensi bora ya siku nzima huja ndani yake.

Mambo mawili ya mwisho kabla ya kuondoka. Rekodini sekunde 60 za chumba kikiwa kimya, watu wote wakiwa wamekaa palepale. Kila mahali pana kimya chake, na bila rekodi hiyo kila mnapokata sauti msikilizaji atasikia shimo. Kisha rekodini sauti za mahali, moja moja, kwa karibu na kwa mbali: funguo, kitasa, hatua za mlinzi kwenye ngazi, taa zinazozimwa. Kila moja isipungue sekunde 20. Wanafunzi hurekodi sekunde 4 na kurudi nyumbani wakidhani zinatosha. Hazitoshi hata kuingia na kutoka taratibu.

Kwa mhojiwa aliye mbali, kila upande urekodi sauti yake kwenye kifaa chake huku mkizungumza kwa simu kupitia hedifoni. Baadaye faili mbili zinaunganishwa. Kila upande upige kofi moja mwanzoni, kwa wakati mmoja, ili mpate alama ya kulinganisha, na jingine mwishoni. Kofi la pili ni la lazima kwa sababu saa za vifaa viwili hazitembei sawasawa. Baada ya mahojiano marefu sauti moja inaweza kuwa imeachwa nyuma kiasi cha watu kuonekana wanakatizana.

Kutoka dakika 40 hadi sekunde 90

Siku ileile ya kurekodi, kabla ya kulala, hamisheni faili na kuweka nakala sehemu mbili tofauti. Yaiteni kwa tarehe, jina na mahali, si "rekodi mpya 7". Halafu mmoja asikilize yote akiandika dakika na sekunde ya kila jambo la maana. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinasaidia, lakini hukosea majina ya watu, namba, na sentensi zinazochanganya lugha mbili, kwa hiyo kila nukuu itakayotumika ihakikiwe kwa sikio.

Chapisheni maandishi hayo, mkate vipande kwa mkasi, mvipange mezani. Kuhariri kwenye karatasi kunaonekana kizamani, ila kundi zima linaweza kulizunguka karatasi wakati kompyuta ina kipanya kimoja na bosi mmoja. Tafuteni kipande kimoja ambacho mtu anasema jambo ambalo hakuna mwandishi angeweza kulisema kwa niaba yake. Mlinzi akisema "maktaba hufungwa saa 6" hiyo ni taarifa, mtangazaji anaweza kuisoma. Akisema "nikizima taa, kuna mmoja huniambia asante, na mimi sijui ananishukuru kwa nini", hapo mnayo sauti yenu.

Dakika 5 mbele ya wahariri

Gawanyeni hivi: sekunde 30 za ile sentensi moja, kisha sekunde 90 za sauti mara moja, bila utangulizi mrefu. Dakika 1 ya nani watazungumza, mkitenganisha waziwazi waliokwisha kukubali na mnaowatarajia. Dakika 1 ya msikilizaji ni nani na kwa nini habari hii itoke sasa. Dakika 1 ya ratiba na hatari. Pamoja na hayo, acheni karatasi moja mezani yenye mambo hayohayo kwa maandishi.

Kwenye swali la msikilizaji, jibu la "kila mtu" ni sawa na kutojibu. Semeni ni nani, husikiliza wakati gani, akiwa anafanya nini, na ni kipi kati ya anavyovisikiliza sasa kinachokaribiana na chenu. Msidai kwamba hakuna aliyewahi kuifanya habari hiyo. Karibu kila mara yupo, na mhariri anamfahamu. Sikilizeni podikasti 3 zilizo karibu na wazo lenu mseme mnaongeza nini.

Sauti ichezwe kutoka kwenye faili lililo ndani ya kompyuta, si mtandaoni, na ijaribiwe kwenye spika za chumba hicho kabla watu hawajaingia. Spika ndogo za kompyuta hula sauti nzito, na mlinzi mwenye sauti ya chini atapotea kabisa.

Maswali ya hatari ndiyo yanayotofautisha kundi lililofanya kazi na lililoota. Uongozi wa maktaba ukikataa kuzungumza, mtafanyaje? Mlinzi akijitoa wiki ya tano? Kipindi cha pili kinahusu nini? Swali hili la tatu huangusha wengi, kwa sababu wazo lao lilikuwa la kipindi kimoja. Hilo si kosa. Nashauri mradi wa muhula mmoja uahidi kipindi kimoja cha dakika 15 kilichokamilika na trela ya dakika 2, badala ya vipindi 6 vilivyoiva nusu. Pangeni angalau saa 1 ya kazi kwa kila dakika itakayosikika, na hata hapo mtabanwa.

Wanaosikiliza nao wapewe kazi: kila mmoja aandike sekunde ambayo mawazo yake yalihama. Karatasi 10 zikitaja sehemu ileile, hapo pakatwe.

Skripti na mchanganyo

Wazo likipita, gawaneni kazi kwa majina: mwandaaji anayeshika ratiba na ridhaa, ripota, mtangazaji, mhariri wa sauti, na mhakiki wa ukweli ambaye hakuandika skripti. Huyu wa mwisho ndiye huachwa, na ndiye atakayeomba kuiona ile kanuni ya saa 6 kwa maandishi na kuhakikisha uongozi umepewa nafasi ya kujibu.

Skripti ya Kiswahili ina mtego wake. Kiambishi "a-" hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke, ni mlinzi au mwanafunzi. "Alimwambia kwamba atamwacha" kwenye karatasi msomaji anarudi nyuma kutafuta nani ni nani, msikilizaji harudi. Rudieni jina au cheo, hata kama mwalimu wa insha alikataza. Pia msikitangulie kipande cha sauti kwa kukisema chenyewe: mtangazaji akisema "mlinzi anasema amechoka", kisha mlinzi akasema "nimechoka", sekunde 3 zimetupwa. Semeni kinachomfanya msikilizaji atake kusikia, kisha mpisheni. Na msikadirie urefu kwa hesabu ya maneno kwa dakika iliyoandikwa kwa Kiingereza. Maneno yetu ni marefu. Someni ukurasa mmoja kwa sauti huku saa ikihesabu, mpate kipimo chenu.

Kwa uhariri, programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Kateni kwanza, remba baadaye. Ondoeni mtetemo wa chini kwa kichujio cha 80 Hz, sawazisheni sauti ya juu na ya chini kwa mgandamizo wa wastani, uwiano wa 3 kwa 1 hivi, na mwisho kabisa pimeni ukubwa wa jumla: -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) kwa stereo au -19 kwa chaneli moja, vilele visipite desibeli -1. Msifute kila pumzi. Mtu asiyevuta pumzi anachosha kumsikiliza. Programu ya kuondoa kelele ikikazwa sana inafanya watu wasikike kama wamo ndani ya maji, kwa hiyo kelele kidogo iachwe.

Muziki: hakuna ruhusa ya "sekunde 30 za bure". Imani hiyo imeenea na si sahihi. Tumieni muziki wenye leseni iliyoandikwa. Leseni ya Creative Commons, ambayo mtunzi huitumia kuruhusu kazi yake itumike kwa masharti, aina ya BY inadai mumtaje mtunzi; yenye NC inakataza biashara, na itawasumbua siku podikasti ikipata tangazo.

Faili la mwisho litoke kama MP3 ya kbps 128, karibu MB 1 kwa dakika. Picha ya jalada iwe mraba, kati ya pikseli 1400 na 3000 kila upande, isomeke hata ikiwa na ukubwa wa ukucha. Tangu neno "podcasting" lilipochapishwa na mwandishi Ben Hammersley katika gazeti la The Guardian mwaka 2004, kinachosambaza vipindi ni mlisho wa RSS, yaani faili la mtandaoni linalozijulisha programu za podikasti kipindi kipya kikitoka, na mlisho una mwenyewe. Amueni mapema akaunti ni ya nani na neno la siri linabaki kwa nani baada ya mahafali, la sivyo kipindi kitabaki hewani bila mtu wa kukirekebisha.

Jambo hilo linamgusa mlinzi wetu moja kwa moja. Kibarua chake kiko hatarini, na kubadili jina hakumfichi kama maktaba ina mlinzi mmoja tu wa usiku. Kuishusha sauti yake kwa kompyuta hakutoshi pia, kwa sababu anayejua anaweza kuipandisha tena. Salama zaidi maneno yake yasomwe na mtu mwingine, na msikilizaji aelezwe hivyo. Ridhaa yake irekodiwe mwanzoni mwa mahojiano, aambiwe kipindi kitawekwa wapi, na aambiwe pia kwamba akiomba kitolewe baadaye, faili litaondolewa kwenye mlisho, lakini nakala zilizokwisha kupakuliwa kwenye simu za watu hazitarudi. Aambiwe hayo kabla kinasa sauti hakijawashwa kwa zile sekunde 90 za kwanza.